Dk. John Kirk, Mkusanyaji wa Mimea



Sisi tuliotoka Rumonge, Nyanza-Lac na vijiji vya ufuoni tunalijua jiwe la Mugere, mahali walipolala Livingstone na Stanley mwezi Novemba 1871. Walitoka Ujiji kwa mtumbwi wakapita mbele ya kwetu, wakitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Unaingia. Wakati huo Livingstone alikuwa na uchungu juu ya rafiki yake wa zamani, Dk. John Kirk, na huyo ndiye tunayemsimulia leo.

Kirk alizaliwa Uskoti mwaka 1832, mtoto wa mchungaji. Alisomea udaktari, na mwaka 1858 akaja na Livingstone mto Zambezi akiwa daktari na mtaalamu wa mimea. Kazi yenyewe ni hivi: kukata tawi lenye ua au tunda, kulibana kati ya karatasi, kubadilisha karatasi zikilowa ili jani lisioze, kisha kuandika mahali na siku. Na hayo katika mvua na homa! Mwaka 1860, kwenye maporomoko ya Kebrabasa huko Msumbiji, maji yalivuta mtumbwi wake. Yeye aliokoka; daftari zake na michoro ya miti ya matunda vilikwenda na maji. Wenzetu waliovuka ziwa usiku wakafika bila cheti cha ubatizo wala cha shule hawahitaji kuelezwa zaidi. Kirk alianza tena, akaendelea hadi 1863.

Mwaka 1866 alikwenda Unguja kama daktari wa ubalozi wa Uingereza, baadaye akawa balozi. Kutoka huko alimpelekea Livingstone mizigo Ujiji. Aliyekabidhiwa akaiuza, na mzee alipofika Oktoba 1871 hakukuta kitu. Akamlaumu Kirk, na Stanley akaitangaza lawama hiyo Ulaya. Sisi tunaona ilizidi kipimo, maana mtu aliyeko Unguja angelindaje vitambaa vilivyoko Ujiji, mwendo wa miezi?

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Kirk ndiye aliyemsukuma, na tusifiche, nyuma yake zilikuwepo manowari za Uingereza. Njia za bara hazikufungwa siku hiyo. Watu wa kandokando ya Tanganyika waliendelea kukamatwa kwa miaka. Lakini soko la Mkunazini lilifungwa, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa mahali palepale.

Mimea hakuiacha. Alipanda bustani Mbweni, akatuma mbegu na majani Uingereza, na mmea mmoja utambaao, wenye utomvu wa mpira, umepewa jina lake. Alifariki mwaka 1922, akiwa na miaka 89. Majani aliyoyakausha yangali yamehifadhiwa Kew, London.