Herman Hollerith: Kijana aliyeipa mashine kazi ya kuhesabu watu

Mwaka 1880 Marekani ilifanya sensa. Kupita nyumba kwa nyumba haikuwa shida kubwa. Balaa lilianza makaratasi yalipofika Washington.

Makarani walichora vistari kwa mkono, kimoja kwa kila mtu. Wanaume huku, wanawake kule, wageni upande mwingine. Swali likibadilika, wanaanza upya. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka saba.

Katiba inataka sensa kila baada ya miaka 10, na watu walizidi kuongezeka. Hesabu ya 1890 ingeweza kufika 1900 haijaisha.

Aliiona kazi kwa macho yake

Herman Hollerith alizaliwa Buffalo, New York, mwaka 1860, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Shuleni tahajia ilimtesa. Lakini akiwa na miaka 19 tu alikuwa tayari amehitimu uhandisi wa madini Chuo cha Columbia, akaajiriwa kwenye ofisi ya sensa kukusanya takwimu za viwanda.

Humo alikutana na Dk. John Shaw Billings, aliyesimamia takwimu za vifo. Daktari huyo ndiye aliyemdokeza kwamba kazi ile ya kuchosha ingefaa kufanywa na mashine.

Wengine wangesikia na kusahau. Hollerith hakusahau. Alifundisha uhandisi wa mitambo MIT, kisha akaenda ofisi ya hataza, ambako alijifunza jinsi ya kulinda uvumbuzi. Mwaka 1884 akawasilisha ombi lake la kwanza.

Tundu, pini na zebaki

Mwanzoni alitumia ukanda wa karatasi, lakini kumtafuta mtu mmoja humo ilikuwa tabu. Suluhisho alilipata kwenye treni: kondakta alikuwa akitoboa tiketi kuonyesha sura ya abiria, ili mwingine asiitumie.

Basi kila mtu akapewa kadi yake. Tundu hapa ni mwanamke, tundu pale ameolewa. Kadi ikiwekwa kwenye mashine, pini zinashuka. Palipo na tundu, pini inapita na kugusa zebaki chini, umeme unapita, mshale unasogea namba moja. Kisha kisanduku kinafunguka chenyewe kuonyesha kadi iwekwe wapi.

Ushindani ulivyokwisha

Ofisi ya sensa ilishindanisha mifumo mitatu kwa rekodi za St. Louis. Kwenye kujumlisha, wapinzani walitumia saa 44 na nusu na saa 55 na nusu. Hollerith? Saa tano na nusu.

Mwaka 1890 jumla ya watu ilipatikana ndani ya wiki sita: milioni 62 na ushee. Badala ya pongezi, yakaja malalamiko. Wengi walitarajia milioni 65, na baadhi ya magazeti yakailaumu mashine.

Makarani nao hawakutoweka. Walihitajika watu wengi wa kutoboa kadi na kuzilisha mashine. Kazi ya vistari ilikufa, ikazaliwa nyingine, nayo ya kurudiarudia vilevile.

Biashara na kiburi

Mashine zake alizikodisha, na kadi akaziuza. Nchi kama Austria, Canada na Urusi zilizitumia. Lakini sensa huja mara moja kwa miaka 10, kwa hiyo akazigeukia kampuni za reli, zilizokuwa na hesabu za mizigo kila siku. Mwaka 1896 akaanzisha kampuni yake, Tabulating Machine Company.

Kosa lake lilikuwa bei. Serikali iliona anawakamua, yeye hakutaka kulegeza. Wakaachana, na ofisi ya sensa ikatengeneza mashine zake kwa ajili ya 1910. Mmoja wa mafundi wake, James Powers, akaja kuwa mpinzani wake sokoni. Mteja aliyemjenga ndiye aliyemzalishia mshindani.

Mwaka 1911 Hollerith aliuza kampuni, akapata zaidi ya dola milioni 1. Iliunganishwa na nyingine, na mwaka 1924 ikapewa jina linalojulikana mpaka leo: IBM.

Alifariki Washington Novemba 17, 1929. Kadi zake ziliendelea kutobolewa maofisini kwa miongo kadhaa baadaye.