Allidina Visram: Mfanyabiashara Aliyeanzia Bagamoyo



Kamati imeniomba niandike habari za mtu mmoja wa zamani aliyepitia mji wetu na kuacha jina. Nimemchagua Allidina Visram. Katika kazi yangu ya uhasibu nimefunga hesabu za biashara nyingi, na maisha ya mzee huyu yana hesabu ambayo kila mchangiaji wa chama chetu angefaa kuijua.

Allidina alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, jimbo la Kutch, India, katika jamii ya Waismailia. Maisha ya huko yalikuwa magumu, na vijana wengi walikuwa wakidandia majahazi yaliyosukumwa na kaskazi hadi Unguja na mrima wetu. Naye alifika mwaka 1863, akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili hivi. Hakuja na mtaji. Alipata kazi Bagamoyo, katika biashara ya ukoo wa Sewa Haji Paroo, Waismailia wenzake waliokuwa wamekwisha kujijenga kwetu.

Bagamoyo ya siku hizo ndiyo ilikuwa mlango wa bara. Misafara ya wapagazi iliteremka kutoka Tabora na Ujiji na pembe za ndovu, ikapanda tena na merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Kijana aliyefanya kazi katika duka la misafara alijifunza mengi: bei ya kila kitambaa, ni shanga zipi zinapendwa wapi, na zaidi ya yote, nani anaaminika. Maana biashara ile iliendeshwa kwa mali kauli. Mfanyabiashara alimkabidhi mtu bidhaa kwa ahadi tu, naye akaenda bara miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, ndipo arudi na pembe za kulipia. Ukikosea mtu, umefilisika.

Allidina alijifunza kutokosea. Akaanza kupeleka misafara yake mwenyewe, akafungua matawi Saadani, Dar es Salaam, Tinde, Tabora na Ujiji. Kila tawi alimweka wakala, mara nyingi kijana aliyetoka India kama alivyotoka yeye. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina ndiye aliyeshika sehemu kubwa ya biashara ya misafara.

Hapo ndipo penye funzo la kwanza. Kuanzia mwaka 1891 Wajerumani walikuwa wamehamishia makao makuu ya koloni Dar es Salaam, na meli kubwa zilihitaji bandari yenye kina ambayo sisi hatukuwa nayo. Kaskazini, Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896. Allidina aliona kwamba siku za mpagazi zinahesabika. Akaifuata reli. Ilivyosogea, naye alifungua maduka kandokando yake, yakiwauzia chakula na nguo mafundi na vibarua. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, yeye alikuwa amekwisha kutangulia Uganda, ana duka Kampala, na baadaye Jinja, Entebbe na vituo vingi vya ndani ambako hakukuwa na duka jingine lolote.

Makao yake aliyahamishia Mombasa. Hakubaki muuza nguo na mnunuzi wa pembe. Alinunua ngozi, ufuta, karanga na pamba za wakulima, akaweka mitambo ya kuchambua pamba na kukamua mafuta, viwanda vya soda, na vyombo vya kusafirisha mizigo katika Ziwa Victoria. Alipofika mwisho wa maisha yake alikuwa na maduka mengi mno kutoka pwani hadi mpakani mwa Kongo, na mamia ya watu walikula kwa mkono wake. Wengi wa mawakala wake walipata uzoefu kwake, kisha wakajitegemea. Familia kadhaa za wafanyabiashara wa Kenya na Uganda zinaanzia hapo.

Alitoa pia. Alichangia misikiti na jamatikhana, na hata shughuli za watu wasio wa dini yake.

Mwaka 1916, vita kuu ikiendelea, Allidina alifariki, umri wake ukiwa kama miaka 65. Biashara ikabaki mikononi mwa mwanawe, Abdulrasul. Kijana huyo naye hakuishi sana baada ya baba yake, na katika miaka michache himaya yote ile ikasambaratika. Maduka yakauzwa, mengine yakafungwa, mengine yakachukuliwa na wengine.

Kama mhasibu, sishangai. Wazee wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hata daftari lina mipaka. Biashara ya mali kauli, sehemu kubwa ya mali yake iko nje: kwa wakala wa Ujiji, kwa mkulima wa Busoga, kwa mnunuzi wa pembe aliye ng'ambo. Kinachoifunga yote pamoja ni mtu mmoja anayejua nani ni nani na nani hulipa. Akifa, karatasi hubaki, lakini ule uaminifu haurithiwi. Baba alianza na mikono mitupu, mwana alipokea maduka yasiyohesabika, na bado aliyekuwa na kazi ngumu zaidi ni mwana.

Lakini Abdulrasul alifanya jambo moja ambalo limedumu kuliko maduka yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alitoa fedha ikajengwa shule Mombasa kwa jina la baba yake. Shule hiyo, Allidina Visram High School, ipo hadi leo inatazama bahari, na zaidi ya karne moja imekuwa ikitoa vijana. Sanamu ya mzee iko katika bustani ya Treasury Square, lakini jina lake linatajwa kila siku na wanafunzi.

Tajiri wake wa kwanza alitangulia kuliona hilo. Sewa Haji alitoa jengo la shule hapa hapa Bagamoyo kwa watoto wa rangi zote, akatoa na mali kwa ajili ya hospitali. Hospitali aliyoianzisha Dar es Salaam ndiyo asili ya Muhimbili, na hadi leo lipo jengo la wagonjwa lenye jina lake. Misafara yake haipo tena.

Ndugu zangu, wengi wetu tumefanya kama Allidina. Biashara na kazi zilihama, nasi tukahama nazo, Dar es Salaam, Unguja, wengine Muscat na Uingereza. Hakuna wa kumlaumu mtu kwa kufuata riziki. Allidina angebaki Bagamoyo akisubiri misafara, tusingekuwa na habari ya kusimulia. Swali ni lile linalobaki hesabu zikishafungwa. Duka la mtu humfuata mwenyewe, na mara nyingi huondoka naye. Darasa halimfuati mtu. Linabaki pale pale lilipojengwa, likimngoja mtoto ambaye hujamzaa wala kumjua.

Unapojaza fomu ya ahadi iliyo mwisho wa kijitabu hiki, iwe ahadi yako ni kubwa au ndogo, kumbuka kwamba hii pia ni mali kauli. Chama kimekuamini kwa neno lako. Andika kiasi unachoweza kukilipa, kisha ukilipe. Nasi tunaoshika daftari tutakuonyesha kila shilingi ilikokwenda.