Kijana haonyeshi dalili za balehe? Muulize kama anasikia harufu

Umewahi kujiuliza pua iliunganishwaje na ubongo? Leo tumkumbuke daktari aliyetusaidia kulijibu swali hilo, Santiago Ramón y Cajal.

Alizaliwa mwaka 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón, Hispania. Alikuwa mtoto mtundu, aliyependa kuchora kuliko kusoma. Baba yake, naye daktari, alimpeleka kujifunza kazi kwa kinyozi, kisha kwa fundi viatu, ili ashike adabu. Baadaye alimfundisha mifupa ya binadamu, na mkono ule wa kuchora ukapata kazi. Alihitimu udaktari mwaka 1873, akaenda Cuba kama daktari wa jeshi, akarudi amedhoofishwa na malaria.

Mwaka 1877, mjini Madrid, alionyeshwa maajabu ya darubini katika maabara ya Profesa Aureliano Maestre de San Juan. Tangu hapo hakuiacha. Kwa kuchunguza ndege na wanyama wachanga, hata kabla hawajazaliwa, alionyesha kuwa neva ya harufu huanzia kwenye seli za ndani ya pua, na nyuzi zake huelekea kwenye ubongo. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1906 pamoja na Camillo Golgi wa Italia, akafariki mwaka 1934.

Profesa yule, mwaka 1856, alikuwa ameandika habari za maiti ya mwanaume aliyekosa sehemu ya ubongo inayopokea harufu, na viungo vyake vya uzazi vilikuwa vidogo kama vya mtoto. Sababu ilijulikana baadaye sana. Seli zinazoanzisha balehe nazo huanzia puani mimba ikiwa changa, kisha hufuata nyuzi za harufu hadi kwenye ubongo. Nyuzi zikikwama, seli hizo nazo hukwama. Hali hiyo huitwa sindromu ya Kallmann.

Kwa hiyo mzazi, mvulana akitimiza miaka 14 bila dalili za balehe, au msichana miaka 13 bila matiti kuanza kuota, mpeleke hospitali. Muulize pia kama anasikia harufu ya kitunguu kikikaangwa. Akisema hajawahi, mweleze daktari mambo yote mawili. Hajarogwa, wala si wa kuchekwa. Matibabu ya homoni yapo, na wengi wakitibiwa hupata watoto.