Al-Khwarizmi, Mwalimu wa Aljebra

Wengi wetu tulio Nakivale tulianza hesabu kwa lugha nyingine: huyu kwa Kifaransa huko Kongo, yule kwa Kisomali. Tukifika kwenye aljebra, na mtihani ni kwa Kiingereza, wengine hukata tamaa. Basi yafaa tumjue mtu aliyefundisha aljebra bila alama hata moja.

Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliishi tangu yapata mwaka 780 hata 850. Jina lake latokana na nchi ya Khwarizmi, kusini ya Bahari ya Aral. Alifanya kazi mjini Baghdad, katika Nyumba ya Hekima, zama za Khalifa al-Maamun, aliyetawala tangu 813 hata 833.

Khalifa alimhimiza aandike kitabu cha hesabu ziwafaazo watu katika mirathi, biashara na kupima ardhi. Humo hamna x wala y. Hata tarakimu ziliandikwa kwa maneno. Neno jabr, ambalo Waarabu hulitumia pia kwa kuunga mfupa uliovunjika, kwake lilikuwa kukirudisha kilichopunguzwa. Kwa mfano, mara tatu ya kitu, ukitoa 4, ni 11. Rudisha 4 pande zote mbili: mara tatu ya kitu ni 15, na kitu chenyewe ni 5.

Katika biashara, alifundisha kwamba kuna hesabu nne; tatu zajulikana na moja yatafutwa. Tuseme watu 4 hupewa kilo 30 za mahindi. Je, nyumba ya watu 7 itapata ngapi? Zidisha 7 kwa 30, upate 210. Gawanya kwa 4. Jibu ni kilo 52 na nusu. Mtoto ajuaye hivi, akienda na mama yake kwenye mizani, hapunjwi.

Mwaka 1145 Robert wa Chester alikifasiri kitabu hicho kwa Kilatini. Neno jabr likawa aljebra, na jina la mwandishi likazaa neno algorithi, yaani utaratibu wa kukokotoa, ambao kompyuta zote huufuata.

Nasi tusemapo sifuri, nusu, thuluthi na robo, twatumia maneno ya lugha ile ile aliyoiandikia. Kwa hiyo, ndugu zangu, swali likikushinda kwa herufi, liseme kwanza kwa maneno yako mwenyewe. Ndivyo alivyofanya mwalimu wetu huyu.