Bruno Metsu: Mfaransa aliyezikwa Dakar

Kama ulikuwa karibu na redio Mei 31, 2002, basi unaikumbuka siku hiyo. Kombe la Dunia linafunguliwa Seoul, Korea Kusini. Ufaransa, bingwa wa dunia na wa Ulaya, inacheza na Senegal, ambayo haijawahi kufika fainali hizo. Na kocha wa Senegal ni Mfaransa, Bruno Metsu, yule mwenye nywele ndefu.

Dakika ya 30 El Hadji Diouf alichomoka upande wa kushoto, akamtoka beki, akapiga krosi. Mpira ukamgonga kipa, na Papa Bouba Diop akausukumia wavuni akiwa ameanguka chini. Matokeo yakabaki 1-0 hadi filimbi ya mwisho.

Metsu alizaliwa Januari 28, 1954, Coudekerque-Village, kaskazini mwa Ufaransa. Alikuwa kiungo, akapita Anderlecht ya Ubelgiji, Valenciennes, Lille na Nice. Timu ya taifa ya kwao hakuwahi kuichezea. Hata ukocha, alizifundisha klabu kadhaa za Ufaransa bila kupata jina kubwa. Mwaka 2000 akaja Afrika: kwanza Guinea, kisha Senegal.

Huko alikuta vijana wenye vipaji, karibu wote wakicheza Ufaransa, na baadhi yao watundu kwelikweli. Hakuwabana. Aliwaachia uhuru wao, alikaa nao na kucheka nao kama kaka mkubwa, ila uwanjani alitaka kazi. Mapema 2002 waliifikisha Senegal fainali yake ya kwanza ya Kombe la Mataifa ya Afrika, nchini Mali, wakafungwa na Cameroon kwa penalti. Nahodha Aliou Cissé alikosa yake. (Ndiye huyohuyo aliyelitwaa kombe hilo akiwa kocha, Februari 2022, tena kwa penalti.)

Baada ya Ufaransa, walitoka sare na Denmark na Uruguay, wakaitoa Sweden kwa bao la dhahabu la Henri Camara, kisha nao wakatolewa na Uturuki kwa bao la dhahabu katika robo fainali. Timu ya Afrika haikuwa imefika hapo tangu Cameroon mwaka 1990.

Wengi walimwita mchawi mweupe. Jina hilo mimi silipendi, maana waliokimbia na kutoka jasho ni vijana wa Senegal. Lakini wao wenyewe walimpenda, hilo halina ubishi.

Kutoka hapo alikwenda Ghuba. Aliipa Al Ain ubingwa wa klabu za Asia mwaka 2003, na Falme za Kiarabu Kombe la Ghuba mwaka 2007. Mwaka 2012, akiwa na Al Wasl ya Dubai, akagundulika ana saratani.

Alifariki Oktoba 15, 2013, kijijini alikozaliwa, akiwa na miaka 59. Alikuwa ameoa Msenegali, amesilimu na kuitwa Abdoul Karim, na alitaka kuzikwa Senegal. Mwili ukasafirishwa hadi Dakar, akazikwa katika makaburi ya Yoff.