Newton na Shilingi Zilizokatwa Kingo

Jina la Isaac Newton tunalijua tangu sekondari, na wengine limetupatia sapu. Tunachokumbuka ni tufaha na zile kanuni tatu, basi. Lakini mtaje kwa mkusanyaji wa sarafu za kale za Uingereza, uone: yeye atakusimulia habari za shilingi za fedha.

Newton alizaliwa Woolsthorpe siku ya Krismasi, 1642, baba yake akiwa ameshafariki. Alipoingia Trinity College, Cambridge, mwaka 1661, bumu hakuna. Alilipia masomo kwa kuwatumikia wanafunzi wenye nazo. Mwaka 1669 akawa profesa wa hisabati.

Mwaka 1696, akiwa na miaka 53, aliacha chuo akawa msimamizi wa kiwanda cha sarafu ndani ya Mnara wa London. Wengi walikiona cheo hicho kama cha kula mshahara tu. Yeye akapiga kazi kweli. Sarafu za zamani ziligongwa kwa nyundo, kingo zake hazikuwa sawa, hivyo wajanja walizikata pembeni kidogo kidogo na kuyeyusha vipande. Nyingi zilibaki na kama nusu ya uzito wake. Serikali ikaamua kuzikusanya na kuzitengeneza upya kwa mashine, na kutia alama ukingoni ili mkato uonekane mara moja. Vikafunguliwa viwanda vya muda Bristol, Chester, Exeter, Norwich na York, kila kimoja na herufi yake chini ya kichwa cha mfalme William III. Herufi hizo ndizo wakusanyaji wanazozitafuta mpaka leo.

Kazi nyingine ilikuwa kuwasaka watengeneza sarafu bandia. Newton aliomba aondolewe jukumu hilo, akakataliwa. Basi akaingia nalo mzimamzima: akalipa wapelelezi, akahoji mahabusu gerezani Newgate. Mjanja mkubwa alikuwa William Chaloner, aliyethubutu kukituhumu kiwanda mbele ya Bunge. Kosa lilihesabiwa uhaini. Chaloner alimwandikia Newton akimlilia amwokoe, lakini Machi 1699 akanyongwa Tyburn.

Hapo ndipo ninapokwama. Kijana aliyewahi kuwatumikia wenzake alikosaje huruma? Halafu nakumbuka kwamba shilingi iliyokatwa iliishia mkononi mwa maskini, na zilipokataliwa mwaka 1696, maskini huyo ndiye aliyehangaika kununua mkate. Bado kamba ya Tyburn naiona nzito kuliko shilingi.

Newton alipanda akawa mkuu wa kiwanda, akabaki hapo mpaka kifo chake mwaka 1727. Mwaka 1717 sarafu ya dhahabu iitwayo gini iliwekwa kuwa shilingi 21, kwa ushauri wake. Kiwango hicho kiliipa dhahabu thamani kubwa mno, na fedha ikaendelea kuvushwa nje ya nchi. Shilingi alizozihangaikia hivyo, zikaanza kuadimika.