Rikidozan: Bingwa wa miereka aliyewaliza Wajapani huku akificha asili yake

USIKU wa Februari 19, 1954, umati unaokadiriwa kuwa wa watu 20,000 ulibanana mbele ya stesheni ya reli ya Shimbashi, jijini Tokyo, kutazama runinga zilizokuwa zimewekwa juu ya jukwaa. Waliokosa nafasi chini walipanda miti. Kisa na maana, mwanamume mmoja mnene wa kifua, aliyevaa suruali nyeusi ya kubana, alikuwa akiwacharaza Wazungu wawili warefu kwa ubavu wa kiganja chake. Kila pigo lilipotua, watu wazima walioliona taifa lao likisalimu amri chini ya miaka tisa awali walishangilia huku machozi yakiwatiririka.

Mwanamume huyo aliitwa Rikidozan. Wapinzani wake walikuwa ndugu wawili, Ben na Mike Sharpe, ambao watazamaji waliwachukulia kuwa Wamarekani, watu wa taifa ambalo majeshi yake yaliikalia Japani hadi Aprili 1952. Ukweli ni kwamba akina Sharpe walitoka Canada. Hata hivyo, hiyo haikuwa siri kubwa zaidi ulingoni usiku ule. Shujaa aliyekuwa akiwalipizia Wajapani kisasi hakuwa Mjapani.

Rikidozan alizaliwa mwaka wa 1924 katika mkoa wa Hamgyong Kusini, ambao sasa ni sehemu ya Korea Kaskazini. Jina alilopewa na wazazi wake ni Kim Sin-rak. Korea nzima wakati huo ilikuwa koloni la Japani, na ilikuwa hivyo tangu mwaka wa 1910. Tangu ujanani alisifika katika ssireum, miereka ya jadi ya Wakorea ambapo washindani hushikana mishipi na kubwagana mchangani. Mjapani mmoja wa ukoo wa Momota, kutoka mji wa Omura katika mkoa wa Nagasaki, aliziona nguvu zake akamshawishi avuke bahari akajiunge na sumo.

Alivuka mwaka wa 1940, akiwa kijana wa miaka 15, na kupokewa katika kambi ya Nishonoseki. Mwaka huo huo, utawala wa kikoloni ulikuwa ukiwashinikiza Wakorea waachane na majina yao na kutwaa ya Kijapani. Kim Sin-rak akawa Rikidozan, jina la ulingoni, na kadiri miaka ilivyosonga, kumbukumbu za sumo zikaacha kumtaja kama mzawa wa Korea na kuanza kumtaja kama mtu wa Omura.

Kambi ya sumo haikuwa mahali pa mzaha. Vijana wapya ndio waliopika, waliofagia na kuwasugua wakubwa wao migongo bafuni, na ambaye hakujituma mazoezini alionjeshwa fimbo. Kwa kijana wa kutoka koloni, hayo yote yaliongezewa matusi juu ya kwao. Rikidozan aliyameza. Mwaka wa 1946 alipanda hadi daraja la juu la mashindano. Mwaka uliofuata alifungana kileleni na wenzake na kuukosa ubingwa katika mchujo tu. Kufikia mwaka wa 1949 alikuwa sekiwake, cheo cha tatu kutoka juu.

Kisha, mwaka wa 1950, akafanya jambo lililowashtua wengi. Mwanasumo huvaa nywele zake zikiwa zimefungwa kishungi utosini, na anapostaafu, kishungi hicho hukatwa katika hafla maalumu ambapo wafadhili, marafiki na hatimaye mwalimu wake hupokezana mkasi. Machozi hutoka hapo pia, kwa kuwa nywele ndizo ujana wa mtu na miaka yake yote ya jasho. Rikidozan hakungoja hafla. Alikishika kisu akakikata kishungi chake mwenyewe, usiku, nyumbani.

Sababu zimejadiliwa tangu hapo. Alikuwa ameugua. Alikuwa amekosana na mkuu wa kambi kuhusu fedha. Wapo wanaoshikilia kwamba alikuwa ametambua kuwa Mkorea hangeruhusiwa kupanda zaidi. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba sababu hizo tatu hazipingani, na kwamba mtu anayejikata nywele gizani bila shahidi amechoshwa na mengi kwa pamoja.

Alipata kazi kwa mfadhili wake aliyekuwa na kampuni ya ujenzi. Ni katika kipindi hicho ambapo aliandikishwa rasmi katika ukoo wa Momota na kuwa, mbele ya sheria, Momota Mitsuhiro, mzawa wa Nagasaki. Kim Sin-rak akafutika katika karatasi.

Miereka ya kulipwa ilimjia kwa bahati. Mwaka wa 1951, kundi la wanamiereka wa Marekani likiongozwa na Bobby Bruns lilizuru Japani kuwatumbuiza wanajeshi na kuchangisha fedha za hisani. Rikidozan alijaribu mchezo huo, akatoka sare na Bruns mwezi Oktoba huku pumzi zikiwa zimemwishia. Februari 1952 alisafiri hadi Honolulu kujifunza, kisha akaendelea hadi San Francisco. Huko alijifunza siri ya biashara hiyo: kwamba mshindi hupangwa kabla ya pambano, na kwamba kazi ya mwanamiereka ni kumfanya mtazamaji asahau hilo.

Alijifunza pia jambo la pili. Katika kumbi za Marekani, wanamiereka wenye sura za Kijapani walitwikwa kazi ya uovu. Waliinama kwa adabu ya kinafiki, wakatupa chumvi machoni mwa wapinzani, na umati ukafurahi walipopigwa. Rikidozan alirejea Japani mwaka wa 1953 akiwa na wazo jepesi: kuigeuza hadithi hiyo juu chini. Aliunda shirika lake la miereka, akawaita Wazungu waje, nao ndio waliokuwa waovu.

Bahati ikamkuta tayari. Mwaka huo huo wa 1953, shirika la utangazaji la NHK na kampuni ya kibinafsi ya Nippon Television zilianza kurusha matangazo ya runinga. Ni wachache mno waliomudu kununua chombo hicho, na ndiposa Nippon Television ikaweka runinga katika bustani, vituo vya reli na njia panda ili umma utazame bure. Msomaji anayekumbuka enzi ambapo mtaa mzima ulijazana kwenye ukumbi wa kijamii kutazama runinga moja ataielewa picha hii bila kuelezwa zaidi.

Mapambano ya siku tatu mfululizo dhidi ya akina Sharpe yalikuwa na mpangilio ambao Rikidozan aliurudia kwa miaka tisa iliyofuata. Kwanza Mjapani huonewa. Mzungu humkaba, humpiga kichwa, humchezea rafu refa akiwa amegeuka. Mjapani huvumilia, huanguka, huinuka, huanguka tena. Uvumilivu unapofika ukingoni, uso wa Rikidozan hubadilika, kiganja hunyanyuka, na pigo la kwanza hutua kifuani mwa mchokozi. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumzuia.

Huo ulikuwa mchezo wa kuigiza. Lakini waliolia Shimbashi hawakuwa wakiigiza. Walikuwa watu waliozika watoto waliochomwa na mabomu, waliopanga foleni kuomba chakula, walioteremsha macho kila gari la jeshi la kigeni lilipopita. Katika miaka ya ukaliaji, hasira hiyo haikuwa na pa kusemewa. Jukwaani, kwa dakika 60, ilipata mahali.

Aliyelipa gharama ya machozi hayo alikuwa mwenzake, Kimura Masahiko. Huyu alikuwa gwiji wa judo ambaye mwaka wa 1951 alimshinda Helio Gracie wa Brazil katika uwanja wa Maracana. Katika pambano la wawili kwa wawili, Kimura ndiye aliyepangiwa kupigwa ili Rikidozan aje kuokoa jahazi. Alichoka. Akatangaza magazetini kwamba pambano la kweli lingekuwa na matokeo tofauti, na Desemba 22, 1954, wakakutana. Kwa maelezo ya Kimura, walikuwa wamekubaliana kutoka sare. Katikati ya mchezo, Rikidozan aliyatupa makubaliano akaanza kupiga kikwelikweli, na Kimura akaishia sakafuni akivuja damu. Kimura hakusamehe hadi kufa kwake mwaka wa 1993. Hakuna namna ya kulipamba tukio hilo: lilikuwa usaliti, na lilimfanya Rikidozan mtawala pekee wa mchezo wake.

Umaarufu uliofuata hauna mfano. Oktoba 1957 alitoka sare ya dakika 60 na Lou Thesz, bingwa wa dunia aliyeheshimiwa kuliko wote, na mwaka uliofuata akatangazwa bingwa wa kimataifa kwa kumpiku Thesz huyo huyo jijini Los Angeles. Mwaka wa 1962 alipambana na Freddie Blassie, aliyejifanya kuyanoa meno yake kwa tupa ili kuwang'ata watu vipaji vya nyuso. Damu ilionekana katika runinga kiasi kwamba magazeti yaliripoti vifo vya wazee waliopatwa na mshtuko wakitazama nyumbani. Mei 24, 1963, pambano lake na The Destroyer, Mmarekani aliyevaa barakoa nyeupe, lilitazamwa kwa kiwango cha asilimia 64, mojawapo ya viwango vya juu zaidi katika historia ya runinga nchini Japani.

Alijenga majumba ya kifahari ya kukodisha, akafungua ukumbi wake wa michezo wilayani Shibuya, akanunua magari ya bei. Ndani ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Wakorea wachache waliokuwa karibu naye walisimulia baadaye kwamba alisikiliza nyimbo za kwao milango ikiwa imefungwa. Alikunywa kupita kiasi, na akilewa alipigana. Wanafunzi wake walichapwa kama alivyochapwa yeye kambini.

Wanafunzi hao wanastahili kutajwa, kwa sababu siri yake iliishi miongoni mwao. Baba Shohei alikuwa mrushaji mpira wa besiboli, mrefu kupindukia. Inoki Kanji, aliyejulikana baadaye kama Antonio Inoki, alipatikana Brazil mwaka wa 1960 akiwa na umri wa miaka 17, mtoto wa familia ya Wajapani waliohamia huko. Wa tatu, Kim Il, alikuwa Mkorea aliyevuka bahari kinyume cha sheria mwaka wa 1958 kumtafuta Rikidozan, akakamatwa, na Rikidozan akatumia ushawishi wake kumtoa kizuizini. Alimpa jina la Kijapani, Oki Kintaro. Septemba 30, 1960, Baba na Inoki walipanda ulingoni kwa mara ya kwanza. Baba alishinda. Inoki alishindwa, na aliyemshinda ni Kim Il.

Januari 1963, Rikidozan alizuru Korea Kusini kwa mwaliko wa serikali ya huko. Japani na Korea Kusini hazikuwa na uhusiano wa kibalozi bado, na safari hiyo haikutangazwa kwa mbwembwe huko Tokyo. Alipelekwa hadi Panmunjom, mpakani, mahali ambapo Korea mbili zinatazamana. Inasimuliwa kwamba kwenye baridi kali ya Januari alivua koti, akavua shati, akabaki kifua wazi na kupaza sauti kuelekea kaskazini, kuliko nyumbani kwao. Kulikuwa na jamaa zake upande ule, akiwamo binti. Hakukuwa na kamera ya Nippon Television, wala umati wa Shimbashi. Kati ya mambo yote aliyowahi kuyafanya mbele ya watu, hili pekee halikupangwa na mtu, na waliomlilia kwa miaka tisa hawakuliona. Gazeti moja la Tokyo lilipoigusia safari hiyo, alighadhabika.

Juni mwaka huo alifunga ndoa kwa sherehe kubwa. Ilipita miezi sita tu. Usiku wa Desemba 8, 1963, katika klabu ya New Latin Quarter mtaani Akasaka, alizozana na kijana mmoja wa genge la yakuza, Murata Katsushi, kuhusu kukanyagana mguu. Rikidozan alimwangusha. Murata akachomoa kisu akamchoma tumboni. Jeraha halikuonekana la kutisha, akafanyiwa upasuaji. Wiki moja baadaye hali ikazorota, akapasuliwa mara ya pili, na usiku wa Desemba 15 akaaga dunia akiwa na umri wa miaka 39. Uvumi kwamba alijiponza kwa kunywa soda kinyume cha amri ya daktari umezungushwa tangu hapo, kama ambavyo husemwa kila jitu linapoangushwa na kitu kidogo. Murata alihukumiwa na kufungwa.

Alizikwa katika hekalu la Ikegami Honmonji, Tokyo, maelfu wakimsindikiza. Walimlilia Momota Mitsuhiro wa Nagasaki. Miaka mingi ilipita kabla ya umma wa Japani kusoma waziwazi kuhusu Kim Sin-rak, na hapo Korea Kaskazini ilikuwa tayari imeanza kumdai kama mwana wake. Filamu kuhusu maisha yake iliyotolewa mwaka wa 2004 ilitengenezwa na Wakorea Kusini wakishirikiana na Wajapani.

Baba na Inoki walirithi mchezo huo, kila mmoja akaanzisha kampuni yake mwaka wa 1972. Inoki, aliyepigana na Muhammad Ali jijini Tokyo mwaka wa 1976, alikuja kuwa mbunge. Mwezi Aprili 1995 aliwaongoza wanamiereka wa Japani na Marekani hadi Pyongyang kwa tamasha la siku mbili katika Uwanja wa Mei Mosi. Siku ya pili alikutana na Mmarekani Ric Flair. Watazamaji, ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuona mchezo wa aina hiyo, walikaa kimya kwa muda mrefu, hadi Inoki, mwanafunzi wa Rikidozan, alipoanza kumpiga Mzungu.